Robo Karne ya Yolé!Africa

Kituo cha sanaa cha Yolé!Africa kilianzishwa Kampala, Uganda, mwaka 2000 na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, na mwaka huo una uzito wake. Juni ile majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa Kongo usio wa yeyote kati yao. Kongo ilikuwa imekatwa vipande: magharibi serikali ya Kinshasa, kaskazini waasi wa MLC, mashariki waasi wa RCD-Goma. Huku kusini mwa Maniema RCD ilishika miji na wanamgambo wa Mai-Mai wakashika misitu, hata kutoka shambani kwenda sokoni mtu alivuka mstari wa vita. Wakongo kujenga kituo cha sanaa katika mji mkuu wa nchi ambayo askari wake walikuwa vitani Kongo kulikuwa ni kukataa kumhesabu raia kuwa sehemu ya jeshi. Kituo kilipohamia Goma, mashariki mwa Kongo, kilianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu, lenye salamu ndani ya jina lake.

Wapo wasemao filamu haizuii risasi. Ni kweli: waasi wa M23 waliitwaa Goma Novemba 2012, wakaitwaa tena Januari 2025. Lakini kazi ya sinema ni nyingine. Sinema ya uwanjani hutaka shuka jeupe, projekta, jenereta na giza. Gizani hakuna anayekagua kitambulisho. Mke wa askari na mama wa Mai-Mai husimama bega kwa bega, wakiangalia uso uleule. Kipaza sauti cha kundi lenye silaha hakiwezi hilo, kwa kuwa huita watu wake tu.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake Necessary Noise cha 2016, ameonesha jinsi misaada inavyoamua hadithi ya Kongo isimuliweje. Filamu iliyoagizwa ikiwa na jibu tayari haiunganishi watu. Ndiyo maana filamu ya Jazz Mama, ya 2010, ina thamani: wanawake wake wana nguvu na kauli, si majeraha tu.

Kwetu Kasongo, kusini mwa Maniema, ni mbali na Goma, lakini Kiswahili cha huko si kigeni kwetu. Kilifika na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, pamoja na pembe na watumwa. Leo wajukuu wa mnunuzi na wa mnunuliwa hutaniana kwacho barzani. Shuka tunazo, na giza pia. Kijana wa jirani yetu Kabambare apewe kamera, filamu yake ioneshwe Kasongo.