Fahamu Kifaa cha Kuoanisha Mapigo ya Moyo na Nafasi Yake katika Tiba ya Valvu Zinazovuja

Si kila valvu ya moyo inayovuja inahitaji kushonwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Tafiti zilizofanyika Ulaya na Amerika ya Kaskazini tangu miaka ya 1990 zimeonesha kuwa, kwa baadhi ya wagonjwa, uvujaji hupungua pindi kifaa cha umeme kinapozifanya kuta za moyo zijikunje kwa wakati mmoja. Tafiti za aina hiyo hiyo zimeonesha pia kuwa kifaa hicho kikiwekwa kwa mgonjwa asiyestahili kinaweza kuhatarisha maisha yake. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayeambiwa kuwa valvu yake inavuja anapaswa kwanza kufahamu inavuja kwa nini.

Valvu huvuja kwa namna mbili

Moyo wa binadamu una vyumba vinne na valvu nne, ambazo wengi huziita milango ya moyo. Kazi yake ni kuiruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Valvu ya mitrali ipo upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma kwenda mwilini. Valvu hiyo ina vipande viwili laini vinavyokutana kama mbao mbili za mlango. Vipande hivyo hushikiliwa na nyuzi imara zilizofungwa kwenye misuli midogo iliyoota katika ukuta wa chumba cha chini.

Namna ya kwanza ya uvujaji hutokea pale valvu yenyewe inapougua. Vipande vyake huweza kukakamaa, kupata makovu au kulegea, au nyuzi zake hukatika. Namna ya pili hutokea wakati valvu ni nzima lakini moyo umepanuka kutokana na udhaifu wa misuli. Hali hiyo hufanana na mlango ambao fremu yake imetanuka: mbao zake hazina kasoro, ila hazifikiani tena. Damu inayorudi nyuma huujaza moyo kupita kiasi, moyo huzidi kupanuka, na uvujaji nao huzidi kuongezeka.

Umeme wa moyo na uvujaji

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo unaozalishwa na moyo wenyewe, kisha kusafiri kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini. Kwa mtu mwenye afya, umeme huo husambaa katika vyumba hivyo kwa muda usiozidi milisekunde 120, yaani sehemu 120 za elfu moja za sekunde. Muda huo hupimwa kwa kipimo cha ECG, ambacho hakimuumizi mgonjwa na huchukua dakika chache.

Njia ya umeme ya upande wa kushoto inapoharibika, umeme hulazimika kupita polepole ndani ya msuli wenyewe. Ukuta mmoja wa chumba cha kushoto hujikunja mapema na ule wa mkabala huchelewa. Misuli midogo inayoshikilia nyuzi za valvu nayo hupoteza mwafaka: mmoja huvuta wakati mwingine bado umelegea. Aidha, shinikizo la damu ndani ya chumba hupanda taratibu, hivyo hukosekana nguvu ya kuvisukuma vipande vya valvu vifunge kwa haraka. Uvujaji wa namna hii ndio unaoweza kupunguzwa kwa kurekebisha mwendo wa umeme.

Kifaa kilivyoanza

Kifaa cha kwanza cha kusaidia mapigo ya moyo kupandikizwa ndani ya mwili wa binadamu kiliwekwa tarehe 8 Oktoba, 1958 katika Hospitali ya Karolinska nchini Sweden. Kilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist na kupandikizwa na daktari bingwa wa upasuaji Åke Senning. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa saa chache tu, lakini mgonjwa aliyekipokea, Arne Larsson, aliendelea kuwekewa vifaa vingine na kuishi hadi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Vifaa vya awali vililenga moyo unaopiga polepole mno. Mwaka 1994, madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Serge Cazeau walitoa taarifa ya mgonjwa mwenye moyo uliopanuka ambaye vyumba vyote vinne vya moyo wake vilichochewa kwa umeme. Kutokana na kazi za aina hiyo ilizaliwa tiba ya kuoanisha mapigo. Katika tiba hiyo, pamoja na waya za kawaida zinazofika upande wa kulia wa moyo, waya mwingine hupitishwa ndani ya mshipa wa damu ulio juu ya ukuta wa nje wa chumba cha kushoto. Kifaa huzichochea pande zote mbili ili zijikunje pamoja.

Majaribio yalivyopima faida

Utafiti uliojulikana kama MIRACLE, uliochapishwa mwaka 2002, uliwahusisha wagonjwa 453 wa Marekani na Kanada wenye moyo dhaifu na ambao umeme wa mioyo yao ulisambaa kwa milisekunde 130 au zaidi. Wote walipandikizwa kifaa. Kwa kura, nusu yao kilifanya kazi ya kuoanisha mapigo, na kwa nusu nyingine hakikuamilishwa kwa kazi hiyo. Wagonjwa na madaktari waliowahudumia hawakujua nani yupo kundi lipi, ili matumaini yasichanganywe na matokeo. Baada ya miezi sita, waliooanishiwa mapigo waliweza kutembea umbali mrefu zaidi, na uvujaji wa valvu ya mitrali ulikuwa umepungua kuliko kwa wenzao.

Mwaka 2003, watafiti wa Ujerumani waliwapima wagonjwa 24 kifaa kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa. Kilipowashwa, wastani wa ukubwa wa tundu la uvujaji ulishuka kutoka milimita za mraba 25 hadi 13. Mabadiliko hayo yalionekana papo hapo, hata kabla moyo haujapata muda wa kupungua ukubwa, jambo lililothibitisha kuwa sehemu ya uvujaji ilisababishwa na umeme kwenda kombo.

Utafiti wa CARE-HF, uliochapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia wagonjwa 813 katika vituo 82 barani Ulaya kwa wastani wa takribani miezi 29. Katika kundi lililopewa dawa pekee, asilimia 30 walifariki dunia. Katika kundi lililopewa dawa pamoja na kifaa, waliofariki walikuwa asilimia 20, na uvujaji wa valvu ulipungua pia.

Jaribio lililosimamishwa

Mafanikio hayo yalizua swali jipya: je, wagonjwa ambao umeme wa mioyo yao husambaa kwa muda wa kawaida, lakini kipimo cha ECHO kinaonesha kuta za moyo hazijikunji pamoja, nao wangenufaika? Utafiti wa EchoCRT uliwapandikiza kifaa wagonjwa 809 wa aina hiyo. Mwezi Machi 2013, utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa hapakuwa na dalili ya faida. Waliofariki katika kundi lililowashiwa kifaa walikuwa 45, na katika kundi ambalo hakikuwashwa walikuwa 26. Bila jaribio hilo, wagonjwa wengi wangeweza kuendelea kuwekewa kifaa kwa nia njema huku kikiwadhuru.

Upandikizaji wenyewe nao una hatari zake. Katika utafiti wa MIRACLE, jitihada za kuweka kifaa hazikufanikiwa kwa asilimia 8 ya wagonjwa, na wawili walifariki dunia kutokana na matatizo yaliyojitokeza wakati huo. Vilevile, kifaa cha kawaida kinachochochea upande wa kulia pekee kinaweza, kwa baadhi ya watu, kuvuruga mwafaka wa mapigo na kuongeza uvujaji. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye moyo wake hupiga polepole mno, kifaa hicho huokoa maisha. Kinachotakiwa ni kuhudhuria kliniki kwa tarehe zilizopangwa ili kifaa na moyo vipimwe.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika ukanda wa Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha uvujaji wa valvu kwa watoto na vijana ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria. Ugonjwa huo huacha makovu kwenye valvu yenyewe, na kuoanisha mapigo hakuwezi kuyaondoa. Wagonjwa hao huhitaji dawa na, uharibifu unapokuwa mkubwa, upasuaji wa kurekebisha au kubadilisha valvu.

Kwa kundi hili, kinga ina thamani kubwa kuliko kifaa chochote. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda uliwahusisha watoto na vijana 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za awali za ugonjwa huo. Baada ya miaka miwili, ugonjwa uliongezeka kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Mambo ya kumuuliza daktari

Mwananchi anayechoka upesi, kukosa pumzi anapolala chali au kuvimba miguu anashauriwa kufika katika kituo cha afya mapema. Akielezwa kuwa valvu yake inavuja, ni haki yake kuuliza mambo matatu: je, valvu yenyewe imeharibika au moyo umepanuka? Je, ECG inaonesha umeme unachukua muda gani kusambaa? Je, dawa za kuimarisha moyo zimetumika kwa kiwango na muda wa kutosha kabla ya kufikiria kifaa au upasuaji?

Nchini Tanzania, vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo hupandikizwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako wagonjwa hupokelewa pia kwa rufaa. Mgonjwa asiache dawa kwa kusubiri kifaa, wala aliyekwisha kuwekewa kifaa asiache dawa bila ushauri wa daktari, kwa kuwa katika tafiti zilizoleta mafanikio kifaa kilitumika pamoja na dawa.