Kofia Ndogo za Nabugoye

Ukitaja Wayahudi hapa Itigi, mtu anakumbuka Musa na Farao, basi. Kumbe wengine wako jirani tu, Uganda, kwenye vilima vya karibu na mji wa Mbale. Ni wakulima, na wanaitwa Abayudaya.

Ndugu msomaji, habari yao inaanza na mtu wa vita. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliwasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akitumaini kupewa ufalme. Hakupewa. Akazama katika Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alisema basi na yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928.

Kisha akaja Idi Amin. Dini yao ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Wengi walihamia dini nyingine. Wakabaki watu 300 hivi, wakisali kwa siri.

Hapo ndipo ninapojiuliza: mtoto utamfundishaje dini ambayo huruhusiwi hata kuitaja kwa sauti?

Mila ya Kiyahudi ina jibu la zamani: mpe mtoto kazi ya mikono. Siku za Pasaka unakandwa unga bila chachu. Mtoto atauliza, mbona mkate haujaumuka? Hapo ndipo anaposimuliwa jinsi mababu walivyotoka Misri mbiombio. Sikukuu ya Vibanda inapofika, anabeba matawi ya kuezekea kibanda, na anaelewa maana ya kukaa jangwani bila nyumba. Hakuna mtihani, lakini somo limeingia kupitia vidole.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda. Wazee wetu husimulia mizinga ya siku ile. Wachache wanajua kwamba jioni ileile Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Abayudaya wakaweza tena kusimulia habari ya Misri bila kunong'ona.

Leo, katika kilima cha Nabugoye, wana sinagogi na shule, na wanafuma kwa uzi wa rangi zile kofia ndogo za kuvaa utosini. Nyingine zinauzwa kwa Wayahudi wa ng'ambo. Kofia moja inaleta hela ya chumvi na inabeba historia.

Sisi tunaotaka kuandika tuna la kujifunza. Bibi zetu wa Singida walisuka vikapu huku hadithi zikitiririka. Mjukuu alishika ukindu, akashika na hadithi. Siku hizi tunanunua mfuko wa dukani, halafu tunalalamika hatuna cha kuandika. Wenzetu walinyang'anywa kwa bunduki, wakashikilia. Sisi nani katupiga marufuku?