Miungu Inayoshuka Mlimani: Mahekalu Manne ya Garhwal

Katika makaburi ya kanisa la Kianglikana mjini Nyeri, Kenya, amezikwa mwindaji Jim Corbett. Alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akahamia Nyeri 1947 na kufia huko 1955. Wageni wengi huja kuona kaburi la jirani yake, Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, nao humpita Corbett bila kujua alichowafanyia mahujaji wa Kihindu. Mei 1926 alimuua chui ambaye kwa miaka minane alikuwa amekula watu 125, kwa hesabu ya serikali, katika milima ya Garhwal kaskazini mwa India. Chui huyo aliwindia kwenye njia ya mahujaji.

Njia hiyo hupita Rudraprayag, mahali mito ya Mandakini na Alaknanda inapokutana. Msafiri aliyeufuata Mandakini aliishia Kedarnath, hekalu la mungu Shiva lililo mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Aliyeufuata Alaknanda aliishia Badrinath, hekalu la mungu Vishnu. Magharibi ya hayo yako mengine mawili: Gangotri, la mto Ganga, na Yamunotri, la mto Yamuna, na mito hiyo huabudiwa kama miungu wa kike. Yote manne kwa pamoja huitwa Char Dham, yaani makao manne. Jina lenyewe liliazimwa kutoka kwa mahekalu yaliyosimama kwenye pembe nne za India: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Ndiyo sababu wengine huyaita haya ya milimani Char Dham Ndogo.

Enzi za Corbett watu walikwenda kwa miguu, wengi wao pekupeku na wazee, wakilala kwenye vibanda vya nyasi vya kando ya njia. Mwishoni mwa karne ya 19 mtawa aliyejulikana kwa blanketi lake jeusi, Baba Kali Kamli Wala, alikuwa amechangisha fedha za kujenga nyumba za kuwalaza na kuwalisha. Hata hivyo, safari ilichukua majuma mengi, na aliyeianza aliagana na watu wake kama asiyetarajia kurudi.

Kinachonivutia zaidi katika mahekalu haya ni kwamba hufungwa. Kwa takriban miezi sita theluji huyafunika, na miungu huhama pamoja na watu. Baada ya sikukuu ya Diwali, sanamu ya Shiva yenye nyuso tano hupandishwa kwenye machela na kushushwa kutoka Kedarnath hadi Ukhimath, ikilala njiani Rampur na Guptkashi, huku wanakijiji wakiipokea kwa ngoma na maua. Ganga hushushwa hadi kijiji cha Mukhba, nao wenyeji husema binti amerudi kwao kwa wazazi. Yamuna huenda Kharsali. Siku ya kumshusha, kaka yake Shani hutoka Kharsali kwa machela yake kwenda kumchukua, na hiyo ndiyo sikukuu ya Bhai Dooj, siku ambayo kaka na dada wa Kihindu hukumbukana.

Badrinath ina taratibu zake. Sanamu ya Vishnu hufunikwa blanketi lililofumwa na wasichana wa kijiji cha Mana, karibu na mpaka wa Tibet, nalo hupakwa samli. Taa huachwa ikiwaka, na waumini huamini kwamba haizimiki mpaka milango ifunguliwe tena. Tarehe ya kufungua hutangazwa siku ya sikukuu ya Basant Panchami katika jumba la waliokuwa wafalme wa Garhwal, huko Narendranagar. Kisha wanawake walioolewa, wamevaa nguo za manjano, hukusanyika hapo wakitwanga ufuta na kukamua mafuta kwa mikono yao. Mafuta hayo hubebwa kwa maandamano hadi Badrinath, na ndiyo anayopakwa mungu msimu mzima.

Anayeruhusiwa kuigusa sanamu hiyo ni kuhani mkuu peke yake, naye si mtu wa milimani. Tangu karne ya 18 hutoka kwa Wanambudiri, Wabrahmani wa Kerala, zaidi ya kilomita 2,000 kusini. Kuhani mkuu wa Kedarnath naye hutoka Karnataka. Mapokeo humhusisha Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 aliyezaliwa Kerala, na kuhuishwa kwa mahekalu hayo mawili. Nalo hekalu la Gangotri lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Amar Singh Thapa, jemadari wa jeshi la Wagurkha kutoka Nepal lililoiteka Garhwal. Mtekaji alijenga, na waliotekwa wakaendelea kusali humo.

Mambo yalibadilishwa na vita vya India na China vya 1962. Serikali ilihitaji kufikisha wanajeshi mpakani, ikachonga barabara, na mabasi ya mahujaji yakafuata nyuma ya malori ya jeshi. Safari ya majuma ikawa ya siku chache, na leo helikopta humfikisha mtu Kedarnath asubuhi na kumrudisha kabla ya jua kuzama.

Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha katikati ya msimu. Asubuhi ya tarehe 17 ziwa la Chorabari, juu ya Kedarnath, lilipasuka, na maji, matope na mawe yakaufagia mji. Jabali kubwa lilisimama nyuma ya hekalu na kuyagawa maji pande mbili. Hekalu la mawe likabaki, lakini nyumba za wageni zilizolizunguka zikabomolewa. Katika jimbo zima la Uttarakhand waliokufa au kutoonekana tena walipita 4,000. Septemba mwaka huohuo ibada ilirejea.

Somo halikushikwa. Mwaka 2016 serikali ilianza kupanua karibu kilomita 900 za barabara kuelekea mahekalu haya, na Novemba 2023 handaki la njia ya Yamunotri liliporomoka likawafungia ndani wafanyakazi 41 kwa siku 17. Mwaka huohuo mahujaji walizidi milioni 5. Januari ya mwaka huo nyumba za Joshimath, mji ambako Vishnu huabudiwa wakati wa baridi, zilikuwa zimepasuka kuta na wakazi wakahamishwa. Tangu 1976 kamati ya serikali ilikuwa imeonya kwamba mji huo umesimama juu ya kifusi cha maporomoko ya zamani, na kwamba ujenzi mzito udhibitiwe.

Wazee waliopanga sikukuu hizi waliupa mlima nusu mwaka wa kupumzika. Idadi ya wanaopanda katika nusu nyingine lazima iwekewe kikomo, na kikomo hicho kiheshimiwe hata na wenye nauli ya helikopta. Nawe msomaji, ukijaliwa kufika India kati ya Desemba na Machi, nenda Ukhimath. Shiva yuko huko, makuhani wapo, na njiani hutasukumana na mtu.