Kitovu cha Liyongo na Kijiwe cha Kijani

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Akirudi shule huchukua kanga ya mama yake, akaifunga fundo shingoni, akapanda juu ya kochi na kuruka. Huyo ni Superman. Juzi alikuja kuniuliza jambo lililokuwa likimkera: "Mjomba, risasi haimwingii, moto haumuunguzi. Sasa kijiwe kidogo kinamwangushaje?" Nikamwambia pwani yetu nayo ilikuwa na mtu wa namna hiyo, Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Akaangua kicheko. "Sindano tu?"

Kicheko kile kimenikaa. Tukiwasifu mashujaa hawa huanza na misuli, na wanaowabeza nao huanza hapo hapo: mtu mzima na akili zake anafuata katuni za watu wanaoruka! Lakini sikumbuki mtoto hata mmoja aliyeniuliza jinsi Superman anavyoruka. Huuliza kinachomuua.

Liyongo tunamjua kwa njia nyingi. Askofu Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870 kama alivyosimuliwa Zanzibar, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakipanga katika utenzi ambao wengi wetu tulikutana nao darasani. Nguvu zake zimeelezwa, lakini ninayemkumbuka zaidi ni Liyongo aliye kifungoni. Mama yake anamletea chakula, walinzi wanaipora mikate mizuri na kumwachia wa wishwa. Kwa maneno ya fumbo anamwagizia mama aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Kisha anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na watu wakiwa wamezama katika vigoma na matoazi, yeye anakereza minyororo yake mpaka ikakatika. Nguvu za mwili hazikumtoa pale. Alitolewa na mama, mkate mbovu na ngoma.

Superman alizaliwa Cleveland, mkononi mwa vijana wawili wa familia za wahamiaji Wayahudi, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatoka kwenye jarida la Action Comics mwaka 1938. Miaka sita kabla, mwaka 1932, baba yake Siegel alikuwa amefariki dukani mwake wakati wa tukio la wizi. Wahakiki wengi wamelitazama jambo hilo na kuona kijana anayejitungia mtu asiyeweza kudhuriwa. Huenda. Ila shujaa asiyedhurika kabisa hana kisa, anapita tu. Mwaka 1943 kipindi cha redio cha Superman kikaleta kriptonaiti, kipande cha sayari aliyozaliwa, na mwaka 1949 kikaingia kwenye vitabu. Hapo ndipo mtu yule akapata kitovu.

Nimetumia neno hilo kwa makusudi. Kitovu ni mahali ulipounganishwa na mama yako kabla hujaitwa jina. Kriptonaiti ni kwao Superman, ni udongo wa nyumbani uliogeuka sumu. Waluo nao wana Luanda Magere, mtu mwenye mwili wa jiwe, aliyepewa mke kutoka kwa maadui zake Wanandi. Siku moja akiwa mgonjwa alimwomba mkewe amchanje kivulini ili ampake dawa. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka, siri ikasafiri kwa ndugu zake, na mkuki ukapigwa kivulini. Liyongo naye aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Cleveland, Kisumu na delta ya Tana hazikuandikiana barua, lakini zote zimefika palepale ambapo wazee wetu walishafupisha kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa mtoto, hili si fumbo la fasihi. Mtoto anayeogopa sauti ya baba usiku, au aliyeachwa kwa bibi bila kuelezwa sababu, hana lugha ya kusema kwamba kinachomuuma kimetoka ndani ya nyumba. Kumshitaki mzazi hawezi, na pengine hataki. Lakini anaweza kukaa saa nzima akibishana kuhusu kriptonaiti. Anaongea habari zake kwa mdomo wa mwingine, na hakuna anayeaibika.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2017 na Rachel White na wenzake Marekani ambalo watafiti wenyewe waliliita athari ya Batman. Watoto wa miaka minne na sita walipewa kazi ya kuchosha kwenye kompyuta huku pembeni kuna mchezo wa kuvutia. Wengine waliambiwa wajiulize, "Je, ninajitahidi?" Wengine wajiulize kwa jina lao. Wengine wavae na kujifanya shujaa, kisha waulize, "Je, Batman anajitahidi?" Hawa wa mwisho ndio waliodumu kazini zaidi. Kujitoa kidogo ndani ya nafsi, kujitazama kama unamtazama jirani, kunampa mtu nafasi ya kupumua.

Niliposoma hilo nikawakumbuka Wahaya wa Kagera na vivugo vyao, ambamo mtu husimama mbele ya watu akajitapa kwa majina ya kishujaa na kutaja matendo yake. Hapa njia ni ya kinyume. Mtoto wa Marekani anajitoa kwenye "mimi" ili awe yeye wa mbali. Mhaya anang'ang'ania "mimi", ila "mimi" ile amekwisha kuivisha jina kubwa kuliko la kila siku. Majina yale ndiyo kanga ya mpwa wangu. Tofauti inayonigusa ni kwamba anayejivuga ana watu mbele yake. Akizidisha, uso wa mzee mmoja unatosha kumrudisha chini.

Na kuzidisha kupo. Mwaka huo huo wa 2017 Sarah Coyne na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo 240 na vipindi vya masupahiro. Walioshabikia zaidi walionekana kuwa wagomvi zaidi mwaka mmoja baadaye, na hawakuzidi wenzao katika kusaidia wala kutetea wanyonge. Mtoto wa miaka minne anaiona ngumi. Wema uliosababisha ngumi unampita. Sisemi hivyo kuwapa nguvu wanaotaka kuchoma vitabu. Tulishayaona: mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alivilaumu vitabu vya katuni kwa uhalifu wa vijana, Baraza la Seneti la Marekani likavijadili, wachapishaji wakajifunga kwa kanuni zao wenyewe. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupekua majalada ya Wertham, alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amepindisha na kupunja maelezo ya wagonjwa wake. Linalosikitisha ni kwamba daktari huyo huyo ndiye aliyefungua kliniki ya bei ya chini kwa watu weusi wa Harlem. Hakuwa mtu mbaya. Aliwatazama watoto wakisoma, wala hakuketi asome nao.

Wanyanga wa Kivu wangemweleza jambo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alitamba kisa cha Mwindo kwa siku kumi na mbili, kwa nyimbo, ngoma na maigizo, huku hadhira ikiitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakakichapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, baba yake anataka afe, anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, naye anaimba humo ndani. Ana kila sababu ya kujivuna, na anajivuna sana. Kisha anaua joka, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua juu angani, anamtesa kwa mvua, baridi na jua, bila silaha wala mashabiki, mpaka akanyenyekea. Anarudi akiwa na sheria za kuwapa watu wake. Nimetazama filamu nyingi za Marvel na sijaona adhabu iliyotulia kama ile. Shujaa wa huko hutubu kwa dakika tano, muziki ukapanda.

Hata hivyo sikubali kwamba kijana wa Nairobi anayeijua historia yote ya Spider-Man tangu 1962 amepotea. Mkute na wenzake: wanabishana ni toleo lipi sahihi, nani alibadilisha nini, mwandishi gani aliharibu. Sasa nenda Lamu uwaulize wazee kama Liyongo alikuwa wa Shanga au wa Ozi, na kama kaburi la Kipini ni lake kweli. Ubishi ni ule ule, kahawa tu ndiyo imebadilika. Kijana mpweke anayempata mtu wa kubishana naye juu ya jambo dogo asilolicheka mtu amepata baraza, na baraza ni dawa ambayo hospitali hazitoi.

Ninapomtofautisha Superman na Liyongo zaidi ni katika kifo. Superman aliuawa mwaka 1992, magazeti yakaandika, na mwaka uliofuata akarudi. Liyongo hajarudi. Akiwa amechomwa alichukua uta wake, akapiga goti karibu na kisima, akafa vile vile, mshale umeelekezwa mbele. Mji mzima ukakaa na kiu kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai na amekasirika, wakamtuma mama yake akambembeleze. Marekani ililazimishwa kujifunza somo hilo pale Chadwick Boseman, mwigizaji wa Black Panther, alipofariki mwaka 2020. Watengenezaji wa filamu hizo hawakumtafuta mtu wa kuziba nafasi yake. Filamu ya mwaka 2022 inafunguka kwa msiba wa mfalme. Watu waliokwenda kuona vita walijikuta wanalia pamoja gizani.

Nilimaliza kumsimulia mpwa wangu hadi kisimani. Kanga ilikuwa imemteleza begani. Nikamwambia kwamba katika utenzi Liyongo aliitambua hila, alijua mwanawe ametumwa, na bado akamtajia kitovu.

Alinyamaza kitambo. "Mjomba, kama alijua, kwa nini alimwambia?"

Nikamwambia hata mimi huwa najiuliza. Akaifunga kanga upya, safari hii kiunoni, akaenda jikoni kwa mama yake.