Nyumba ya Udongo na Mikono Iitunzayo

Wako watu wadhanio ya kwamba historia hukaa katika mawe tu. Huenda Kilwa Kisiwani wakautazama msikiti mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, wakasema, "Hapa palikuwa na watu." Wafikapo mahali ambapo nyumba zilijengwa kwa udongo, miti na nyasi, wasione ukuta hata mmoja wa kale, hukata shauri ya kwamba hapana la kuandika. Napenda kuipinga dhana hiyo, na shahidi wangu wa kwanza ni nyumba ya marehemu mama yangu katika Milepa.

Milepa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Juu ya ukuta huo ni uwanda wa Ufipa na mji wa Sumbawanga. Chini yake ni joto na udongo mzito. Nyumba yetu ilikuwa ya miti iliyochimbiwa ardhini, ikafungwa fito kwa kamba za magome, ikakandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Kila mwaka mvua zilipokwisha, mama alichimba udongo, akaukanda kwa miguu, akaziba nyufa na kuzisiliba kuta kwa viganja vyake. Mimi nilitumwa maji, na kwa kuwa kisima kilikuwa mbali, kazi ile niliiona kuwa adhabu.

Miaka mingi baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu katika Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, Dar es Salaam. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ya 1960 ili kuonyesha nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Tuliutazama msonge wa Wahaya, ambao paa lake la nyasi hushuka mpaka chini, kisha tukainama tukaingia katika tembe ya Wagogo. Ndani mlikuwa na giza na ubaridi. Paa la tembe ni la bapa: magogo hulazwa juu ya nguzo, fito juu ya magogo, kisha nyasi, na juu ya vyote udongo. Ni nyumba ya nchi kavu yenye upepo na miti mirefu michache, na kimo chake kifupi si umaskini wa akili, bali ni jibu la busara kwa nchi hiyo.

Mwanafunzi mmoja aliigusa nguzo, akauliza kama nyumba ile ni ya kale kweli. Mtunzaji akamjibu ya kwamba mchwa na mvua havina heshima, hivyo nyumba zile hutengenezwa tena na tena. Kijana akasunutika, akasema, "Basi si yenyewe." Neno hilo nilirudi nalo nyumbani, likanisumbua siku nyingi.

Swali hili si letu peke yetu. Katika kisiwa cha Iceland, kaskazini mwa dunia, watu walijenga kwa karne nyingi nyumba za pande za nyasi, zilizokatwa ardhini pamoja na udongo na mizizi yake, kwa sababu miti ya kujengea ilikuwa haba na baridi ni kali. Wafipa wa uwandani nao, katika nchi yao ya mbuga, walizoea kukata pande za namna hiyo. Ila wao walizifudikiza, wakafanya matuta ili nyasi zioze na kulisha mazao. Huko Iceland mna nyumba ya namna hiyo mahali paitwapo Glaumbær. Watu walikaa humo mpaka mwaka 1947, na mwaka 1952 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kuta za nyasi huchakaa, na sharti mtu ajuaye kuzikata pande na kuzipanga azijenge upya. Wala hakuna asemaye ya kwamba Glaumbær si yenyewe.

Hapa kwetu pia twalikubali jambo hilo pale tutakapo. Tembe ya Kwihara karibu na Tabora, aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, nayo imejengwa upya, na wageni huizuru kwa heshima. Jina la mgeni aliyelala humo miezi michache limetosha kuifanya tembe kuwa kumbukumbu. Waliochanganya udongo wake hawatajwi.

Katika Ufipa kuna jengo moja la udongo lililosimama bila kutunzwa na mtu. Nalo ni ilungu, tanuru la kuyeyushia chuma, ambalo kimo chake huweza kufikia mita 3 na zaidi. Lilijengwa pana chini na jembamba juu, likaachiwa matundu ya kupitishia mirija ya udongo, na hewa ikajivuta yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto, kisha mhunzi akafua majembe. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yaliimaliza kazi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1937 Greig aliandika habari zake katika Tanganyika Notes and Records, na baadaye mwanaakiolojia wetu, Bertram Mapunda, akaichunguza kwa undani. Baadhi ya malungu yangalipo porini, kwa maana moto uliyachoma yakawa magumu. Lakini jengo limebaki na mikono imetoweka. Twaweza kulipima ilungu. Kuliwasha kama walivyoliwasha wenyewe ni jambo jingine.

Basi naona nyumba ya udongo yatufundisha kinyume cha mawe. Gofu la mawe huweza kudumu baada ya wajenzi wake kusahauliwa. Nyumba ya udongo hudumu maadamu yupo ajuaye udongo upi huchimbwa wapi, na nyasi zipi hukatwa mwezi gani. Ujuzi huo una maneno yake, na maneno hayo ni hati za historia sawasawa na barua za wafalme.

Nasema haya kwa majuto. Mama alipofariki, sisi wanawe tulikuwa tumekwisha kumjengea nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati. Ile ya zamani tuliamua kuihifadhi, tukaifunga kwa kufuli ili watoto wasiiharibu. Msimu wa pili wa mvua ukuta wa mashariki ulianguka, na paa likaufuata. Kufuli nililikuta mlangoni likiwa zima.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kwa jirani yetu, mama mmoja mzee, nikamwomba anifundishe kukandika. Alicheka sana kumwona mwalimu wa chuo kikuu amekunja suruali. Nikaanza kumwuliza habari za udongo, daftari mkononi. Akaliweka kando lile daftari, akanipa ndoo. "Mwanangu," akasema, "maji kwanza."