Motokaa Ndogo, Motokaa Kubwa, na Nafasi Iliyomo Ndani

Mtu aonapo jumba kubwa hudhani kwamba wakaao ndani wana nafasi tele, na aonapo kibanda huwahurumia wenyeji wake. Lakini jumba lenye kuta nene na ngazi pana huweza kuwabana watu, na kibanda kilichopangwa kwa akili huweza kuwatosha. Hali ni hiyo hiyo katika motokaa. Historia ya motokaa mbili za Kiingereza, Land Rover na Mini, yatufundisha kwamba ukubwa wa nje na nafasi ya ndani ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba raha ya msafiri ni jambo la tatu.

Tuanze na ile ya kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza. Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia Jeep iliyobaki katika vita. Akaazimia kuunda gari la Kiingereza la kufanya kazi kama ile. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nayo mwili wake ulifanywa kwa bati la aluminiamu.

Gari hilo liliundwa kwa ajili ya shamba na matope, wala si kwa ajili ya kustarehesha. Chini yake palikuwa na fremu nene ya chuma. Injini ilielekea mbele na nyuma, na sanduku la gia likaifuata kuelekea walipokaa watu. Kwa hiyo sakafu ilikuwa juu, na mtu hakuingia bali alipanda. Mwaka 1956 ilitokea Land Rover ndefu ya kuchukua watu 10, lakini 4 wa nyuma kabisa waliketi ubavuni, wakitazamana, magoti kwa magoti. Watu wa Kenya waliizoea Landrova katika mashamba na mbuga za wanyama. Sifa yake haikuwa ulaini wa viti, bali kwamba ilifika mahali ambapo nyingine zilikwama.

Motokaa ya pili ilizaliwa kwa shida ya petroli. Mwaka 1956 Misri ilitaifisha Mfereji wa Suez; vita vikazuka, mfereji ukafungwa, na Waingereza wakaanza kugawiwa petroli kwa kipimo. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya British Motor Corporation, alimtaka mhandisi Alec Issigonis aunde motokaa ndogo isiyotumia petroli nyingi, lakini itakayowatosha watu wazima 4. Mini ilitolewa mwezi wa Agosti 1959. Urefu wake ulikuwa meta 3.05 tu.

Je, Issigonis aliwatia vipi watu 4 katika kisanduku hicho? Kwanza, aliigeuza injini ikalala kuelekea ubavuni, nayo ikala sehemu ndogo ya urefu. Pili, aliziweka gia chini ya injini badala ya nyuma yake. Tatu, injini iliyazungusha magurudumu ya mbele, hata pasiwe na haja ya mtaimbo wa kupita chini ya sakafu kwenda nyuma. Nne, alitumia magurudumu madogo ya inchi 10, yasiyoingilia mahali pa abiria. Milango nayo ilikuwa myembamba, na vioo vyake vilisukumwa kando badala ya kuteremshwa, hivyo ndani ya mlango pakapatikana mfuko mpana wa kuwekea vitu. Mwisho wa hesabu, kama sehemu 8 katika 10 za sakafu zilikuwa za watu na mizigo yao.

Hata hivyo, nafasi si raha yote. Magurudumu yale madogo yalilihisi kila shimo, na springi zake za mpira zilikuwa ngumu. Safari fupi mjini ilipendeza; safari ndefu katika njia ya mawe ilichosha mgongo.

Mwaka 1970 kampuni ya Rover ilijaribu kuunganisha nguvu na raha. Range Rover ilipewa springi za koili, zilizo laini kuliko zile za mabamba ya chuma za Land Rover, na dereva akaketi juu akiona mbali. Lakini tazama hesabu hii: motokaa hiyo ilikuwa na urefu wa kama meta 4.47, nayo ilikuwa na viti vya watu 5. Yaani iliizidi Mini kwa zaidi ya meta moja na robo, lakini kwa kiti kimoja tu. Tena hadi mwaka 1981 kiwanda kiliiuza kwa milango 2 tu ya abiria, hata mtu wa kiti cha nyuma alilazimika kujipenyeza nyuma ya kiti cha mbele.

Haifai kuidhulumu motokaa kubwa. Ilikuwa na upana wa mabega, mahali pa mizigo mingi, na uwezo wa kuvuka mto. Mwenye kazi ya namna hiyo hakupoteza fedha zake. Aliyezipoteza ni yule aliyenunua ukubwa akidhani amenunua nafasi, kisha akalipia petroli ya kuukokota ukubwa huo kila siku.

Mini iliundwa hadi mwaka 2000, na zaidi ya milioni 5 zilitoka viwandani. Injini ya kulala ubavuni na magurudumu ya mbele yenye kuvuta ni mpango unaofuatwa leo na motokaa ndogo nyingi tunazoziona barabarani. Wembamba wa reli, garimoshi hupita. Basi, msomaji, siku utakapoombwa shauri na jamaa anayetaka kununua motokaa, usimwambie aizunguke kwa nje akiistaajabia. Mwambie afungue mlango wa nyuma, aketi, ayatazame magoti yake, kisha aulize barabara yake ni ipi.