Kucheza mutu mwingine: teyatere ya Mufwankolo

Siye bana Likasi tunajua jina Mufwankolo. Lakini namna kikundi hicho cha Lubumbashi kilivyotunga watu wa michezo yake, wengi hawaijui. Mwaka 1986 kilichukua mezali isemayo mamlaka huliwa nzima, kikaifanya mchezo. Hakukuwa karatasi ya kusoma. Walizungumza kwanza maana yake, wakapanga sehemu, wakagawana nafasi: sultani, bazee, wanakijiji. Maneno kila mumoja alijitafutia kwenye mazoezi, kwa Kiswahili chetu. Ndivyo, wakati wa Mobutu, ukubwa ulisemwa kwa kinywa cha sultani wa mchezo. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliyaandika katika kitabu mwaka 1990. Kitabu kitabaki, mchezo utakufa tusipofundisha batoto kutunga vile.